Siku Nne kwa Rafiki Yetu wa Usambara

Wazee walisema kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Neno hili ni kweli, ila halikusema kwamba watu hukutana kila mmoja akiwa amekaa nyumbani kwake. Sharti mmoja afunge mzigo, aage jirani zake, aende. Nasi mwezi wa Januari tulifunga mizigo yetu, sisi walimu wawili wa Tanga tuliokwisha kustaafu, tukaenda milima ya Usambara kumtazama mwenzetu tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Twapenda kuwahadithia habari za safari hiyo. Hatukwenda kwa arusi wala kwa matanga. Tulikwenda kuzungumza tu, na mazungumzo yenyewe yakawa na kazi kubwa kuliko tulivyodhani.

Huenda mtu akauliza, "Je, huko hakuna simu?" Simu iko. Rafiki yetu anayo simu ya mkono aliyonunuliwa na mwanawe, lakini masikio yake yamekuwa mazito miaka hii minne. Ikilia, haisikii, akiipokea, husikia uvumi tu kama wa mvua juu ya bati. Kwa hiyo tulizoea kumwandikia maneno mafupi kwa simu hiyo, naye hujibu, "Mzima. Ninyi?" Maneno hayo mawili hayana uongo, lakini mtu aliyefundisha watoto miaka 36, aliyekuwa akisimulia kisa kimoja tangu chakula cha jioni hata jogoo awike, hawezi kuenea katika maneno mawili. Kisha mwezi wa Desemba tukapata habari kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam kwamba katika mvua za vuli mzee aliteleza katika njia ya mtoni, akalala matopeni tangu jua kuchwa hata usiku mwingi. Watu walimtafuta wakimwita kwa jina, naye hakuwasikia, wala hakujua kwamba anatafutwa. Watoto wake wakakata shauri ahamie kwao mjini. Yeye hakujibu ndiyo wala la. Basi tukaona jambo hili si la maneno mawili, tukaenda.

Tuliondoka Tanga kwa basi saa moja asubuhi, tukiwa na nazi kumi, samaki mkavu, na kikapu cha maembe, maana maembe ya pwani huwa matamu mwezi huo na huko juu kwenye baridi hayastawi. Tukapita Muheza, mji unaosifika kwa machungwa yake, kisha tukaingia katika mashamba ya mkonge, mistari iliyonyoka hata jicho lachoka. Mmea huu si wa kwetu tangu asili. Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, mwaka 1893, na katika hiyo ni 62 tu iliyosalimika na kupandwa upande wa Pangani. Katika hiyo 62 ndimo yalimotoka mashamba makubwa yaliyolisha na kuchosha watu wengi wa Tanga. Kando ya barabara twaiona reli, nayo ni ya siku zile zile: ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911.

Kutoka Korogwe milima huwa mkono wa kuume, imesimama kama ukuta, na mawingu yamelala juu yake. Tukashuka Mombo, mahali mabasi mengi husimama ili abiria wale chakula, nasi tukala wali na maharage upesi upesi, tukaingia katika motokaa ndogo ya kupandia Lushoto. Njia hiyo ni kama kilometa 33, nayo yapanda kwa kuzungukazunguka katika bonde jembamba. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni shimo ambalo si vema kulitazama mno. Mama mmoja aliyekaa karibu nasi alikuwa akimenya karanga bila kuinua macho katika kona zote, tukajua kwamba yeye ni mwenyeji. Kila kona tuliyopita joto lilipungua, hata tulipofika Soni, penye maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani, tukafungua mizigo yetu tukatoa sweta.

Si mbali na Soni iko Vuga, uliokuwa mji mkuu wa wafalme wa Washambaa. Msomaji apendaye mambo ya kale aweza kutafuta kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, kilichochapwa kwanza kwa mafungu na misheni ya Magila. Humo ataona habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, aliyewaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, akawagawia nyama, hata wakampenda na kumfanya mkuu wao. Rafiki yetu alikuwa akiwafundisha watoto habari hiyo, na alipenda kuwaambia kwamba ufalme ule haukuanza kwa mkuki uliochomwa mtu, bali kwa nyama iliyoliwa pamoja na jirani.

Lushoto ni mji mdogo uliokaa bondeni, kama mita 1,400 juu ya bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, lakini jina hilo limekwenda zake na mfalme mwenyewe. Sokoni tulikuta kabichi, karoti, viazi, na matunda ya plamu yamepangwa mafungu mafungu. Kutoka hapo tukashika njia ya Magamba kwa pikipiki, kisha tukamaliza kwa miguu, maana nyumba ya rafiki yetu iko juu ya kilima kidogo, na njia yake si ya magurudumu.

Tulipofika uani, alikuwa ameketi juu ya kigoda akichambua maharage, ametupa kisogo. Tukabisha hodi, wala hakugeuka. Tukabisha tena. Akatoka mtoto wa jirani, msichana wa miaka kama tisa, akatuamkia, kisha akaenda akamgusa bega. Rafiki yetu akageuka, akatutazama kitambo, uso wake ukabadilika, akasema, "Nani amekufa?" Maana kwa watu wa rika letu, wageni wawili wasiotazamiwa huleta habari za namna moja tu. Tukatikisa vichwa, tukamwonyesha kikapu cha maembe. Hapo ndipo aliposimama, akatukumbatia, maharage yakamwagika yote, na yule mtoto akayaokota akicheka.

Akaingia ndani akatoka na daftari la shule na penseli, akasema, "Ninyi andikeni, mimi nitasema." Basi ndivyo tulivyozungumza siku nne. Mwanzo tuliona shida, kisha tukaona faida. Mtu anayeandika hawezi kumkata mwenziwe neno, wala hasemi jambo asilokuwa na haja nalo, maana mkono huchoka upesi kuliko ulimi. Naye, kwa kuwa ni mwalimu, alishika kalamu nyekundu. Mmoja wetu alipoandika "zamani tulikua vijana," akasoma, akaisahihisha, akatia herufi iliyopungua, ndipo akajibu. Majirani waliokuwa wakipita njiani walisikia sauti ya mtu mmoja tu akisema, "Hata! Na mahari ikarudishwa?" kisha kimya, kisha kicheko cha watu watatu. Wakaja kuchungulia kuna nini.

Usiku wa kwanza ulikwisha kwa habari. Tulimwandikia waliokufa na waliooa, bei ya samaki, na mwembe wa kiwanja cha shule uliokatwa ili pajengwe ukuta. Aliusikitikia mwembe ule kuliko baadhi ya watu. Akamwulizia muuza kahawa aliyekuwa akipita jioni na dele lake. Tukamwandikia kwamba mzee alifariki, lakini mwanawe ndiye ashikaye dele lile lile, na vikombe avigonga kama baba yake. Akasema, "Mlio wa vikombe vile naujua bado. Kila jioni kama saa kumi na moja husikia hapa," akagusa kipaji cha uso.

Siku ya pili alituonyesha jinsi anavyoishi. Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hata mti wa karibu hauonekani, nao wapitao njiani waonekana nusu nusu. Yule msichana, ambaye rafiki yetu amfundisha hesabu kila jioni, alileta maziwa katika chupa, akaiweka juu ya jiwe, akapunga mkono dirishani ili aonekane. Jirani mwingine aendeshaye pikipiki humletea kila Jumamosi mkate mweusi na kipande cha jibini kutoka shamba la Irente. Mkate huo rafiki yetu huukata vipande vyembamba, akavihesabu ili vifike Ijumaa, na siku zote Alhamisi huwa vimekwisha. Hili alituambia kwa furaha kubwa, kana kwamba ni ushindi wake.

Dirishani ana kopo la zamani la maziwa ya unga, na ndani yake limeota ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Wasomaji wengi wameliona ua kama hilo lakini hawakujua kwao ni wapi. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake huko Ujerumani ua hili la nchi yetu. Likapendwa, likaenea, na leo laoteshwa madirishani mwa watu wa Ulaya na Marekani. Wajerumani hata leo huliita kwa jina la Usambara. Rafiki yetu alisema, "Wao hulinunua dukani. Mimi nililichukua chini ya mwamba, karibu na maji, nikamwomba mwenye shamba ruhusa." Hulinywesha kwa kijiko, wala hamwachii mtu mwingine kazi hiyo.

Saa tisa jioni fundi seremala wa jirani alikuja na bao. Katika mchezo huu masikio hayana kazi. Macho na vidole vyatosha. Kila mmoja hushika kete 22 mkononi na kupanga 10 katika mashimo yake, jumla zote 64, na vita huanza. Fundi hupiga kete kwa nguvu ili azigutushe, lakini rafiki yetu hasikii, hivyo hatishiki, na kwa ajili hiyo, asema fundi, amekuwa mchezaji mgumu zaidi tangu alipopata uziwi. Siku ile alimfunga fundi mara mbili. Mmoja wetu akajaribu, akafungwa kabla chai haijapoa.

Siku ya tatu tulipewa jembe, kama ilivyo desturi ya mgeni, ila jembe letu lilikuwa vikapu. Mwenyeji wetu ana miplamu saba nyuma ya nyumba, nasi tulichuma tangu asubuhi hata adhuhuri, tukila moja kwa kila kumi tuliyotia kikapuni. Akaja mama mmoja mnunuzi, ambaye hukusanya matunda ya nyumba nyingi na kuyapeleka barabarani yapakiwe kwenda Dar es Salaam. Hakusema neno. Alimwonyesha vidole, naye akamwonyesha vidole vyake, wakaendelea hivyo, mara wamekunja uso, mara wamegeuka kama wanaoachana, hata wakapatana. Alipokwenda zake rafiki yetu akatuambia, "Zamani alinishinda kwa maneno. Sasa sioni tena kwamba napunjwa."

Usiku ule, chakula kilipokwisha, jambo lenyewe lilikuja. Yule msichana alikuwa mezani akimaliza hesabu zake kwa mwanga wa taa. Rafiki yetu alivuta daftari, na kwa mara ya kwanza akaandika yeye mwenyewe, ingawa sisi tungemsikia vema akisema. Hakutaka mtoto asikie. Aliandika: "Watoto wangu wanataka nihame. Wana haki, maana Novemba niliwatia hofu. Lakini nikifikiri nitakaa wapi mchana kutwa huko, sioni. Nanyi mwaonaje?"

Hatukumjibu upesi. Ni rahisi kumwambia mtu kaa, ikiwa siye wewe utakayeamshwa usiku kwa habari mbaya. Na ni rahisi kumwambia hama, ikiwa siye wewe utakayekaa katika chumba cha ghorofa ya tatu ukitazama ukuta wa jirani. Tulimwomba jambo moja tu: aandike yote aliyoyafanya tangu alipoamka siku ile, makubwa na madogo, na kila mtu aliyeonana naye. Akaenda na daftari chumbani, na taa yake ikakaa ikiwaka muda mrefu.

Asubuhi ya nne tukasoma pamoja. Yalikuwa mambo kumi na sita, na katika hayo mlikuwa na majina ya watu kumi na mmoja. Hakuna hata moja lililokuwa kubwa. Maziwa, kumwamkia bibi kizee wa nyumba ya juu kwa kupunga kofia, kukopesha msumeno, kumsahihishia mtoto hesabu ya kugawanya, kunywesha ua. Mmoja wetu akaandika chini yake: "Haya hayanunuliki mjini." Wa pili naye akaandika: "Na watu hawa kumi na mmoja, usiku ule wa Novemba, hakuna aliyejua uliko." Maneno yote mawili yalikuwa kweli. Rafiki yetu akayasoma, akayapigia yote mawili alama ya vema kwa kalamu nyekundu.

Ndipo tulipoanza kutafuta njia ya katikati. Yeye hawezi kuwasikia watu, lakini watu wanaweza kumsikia yeye. Akaenda sandukuni akatoa filimbi yake ya kuamulia mpira, ya siku alizokuwa akiwachezesha watoto, akaijaribu, na kuku wote wakakimbia. Tangu siku ile huivaa shingoni. Jua likichwa hupiga mara moja kusema, "Nimerudi nyumbani," na nyumba ya juu na ya chini zasikia. Siku isiposikika, watu watakwenda kutazama. Fundi seremala akaahidi kwamba kijana wake atalala katika chumba cha nje. Tena rafiki yetu akakubali kushuka Dar es Salaam kila mwaka miezi ya Juni hata Agosti, ambapo baridi ya huko juu huingia mifupani na magoti yake humwuma sana. Huko watoto wake watampeleka kwa waganga wa masikio, wapime kama viko vyombo vya kusikilizia vitakavyomfaa. Kuhusu ua, alikaa kimya, kisha akasema kwamba yule msichana amekwisha kuwa hodari wa kugawanya, basi hata kijiko ataweza kukipima.

Mambo hayo aliyaandika katika barua ya kurasa tatu, akatia ndani yake ule ukurasa wa mambo kumi na sita, nasi tukaupeleka mzigo huo wenyewe posta ya Lushoto. Tulirudi Tanga tukiwa na plamu, viazi, na nusu ya mkate mweusi, nao ulikuwa bado haujafika Alhamisi. Mwanawe amekwisha kutupigia simu kusema kwamba amekubali. Binti yake hajakubali bado. Asema atapanda mwenyewe wakati wa Pasaka aone njia ya mtoni na asikie hiyo filimbi kwa masikio yake. Twaona amefanya vema, maana neno la namna hii halifai kumalizwa na wageni wa siku nne.

Ndugu wasomaji, kila mmoja wetu anaye mtu wa namna hii, ambaye majibu yake yamekuwa mafupi. Huenda si kwa kuwa hana la kusema, bali njia ya kulipitishia imezibika. Ukitaka kwenda kwake, usimpelekee habari kubwa tu. Chukua na bei ya samaki, na mti uliokatwa, na jina la mtoto wa jirani. Mwulize anakula nini siku ya Alhamisi. Na kama aliye juu milimani ni mzito wa kusikia, chukua sweta, maembe kama ni majira yake, na daftari mbili. Moja halitatosha.